Soda na gami za bangi kwa mama mwenye presha: jibu kwa dada wa Minneapolis

Swali lilikuja hivi toka kwa dada anayeishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, nimelifupisha kidogo tu (gami ni pipi laini za kutafuna, na THC ni kile kitu kinacholevya kwenye bangi): "Habari dokta. Mama yangu ana miaka 66, kaja toka Moshi kunisaidia watoto, nina mmoja wa miezi mitano ananyonya na mwingine wa miaka minne. Magoti yanamtesa na usiku halali. Anatumia amlodipini na losatani za presha, na kuna kidonge cha usiku amitriptilini alipewa nyumbani kwa ajili ya ganzi miguuni. Wenzangu kazini wanasema nimpe gami za THC au zile soda za makopo zinazouzwa duka la pombe, eti ni mmea tu. Nimeshanunua, ziko kwenye friji. Shida mama ni mlokole, akisikia bangi hatagusa, nikawaza nimwekee kidogo kwenye chai bila kumwambia. Na mimi je, nikinywa kopo moja wikendi badala ya waini kuna ubaya? Mume wangu ni dereva wa lori, na yeye anaulizia."

Dada yangu, asante kwa kuuliza kabla hujafanya, na naomba nianze na hiyo chai kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri ila hilo haliwezi. Usimwekee mama kitu hicho bila kumwambia. Sio nusu, sio robo, sio tone. Najua unafanya kwa upendo, mtu akimuona mama yake anapanda ngazi anashika ukuta roho inauma, lakini fikiria kitakachotokea ndani ya mwili wa mtu ambaye hajui kapewa nini. Saa moja na nusu baada ya chai moyo unaanza kwenda mbio, mdomo unakauka, akisimama anaona kizunguzungu, muda unakuwa kama umesimama, mawazo yanaruka. Mtu anayejua kameza THC anaweza kujiambia hii ni ile kitu, itapita. Mama yako atajua anakufa, au atajua kapigwa kiharusi, au kwa imani yake ataona kavamiwa na kitu kibaya, na hofu yenyewe inazidisha mapigo ya moyo na kupandisha presha. Utampeleka emajensi, madaktari wakiona mama wa miaka 66 kachanganyikiwa ghafla watawaza kiharusi, atapigwa picha ya CT ya kichwa, atatobolewa mishipa, na bili ya Marekani kwa mgeni asiye na bima unaijua wewe kuliko mimi. Na akija kujua baadaye kuwa ni mwanae kamwekea, hilo ni jeraha jingine kabisa. Mwili ni wake, ana haki ya kusema hapana.

Sasa nikueleze kitu chenyewe kinavyofanya kazi maana nikiona maswali ninayopata karibu shida zote za hizi bidhaa zinatoka sehemu moja, nayo ni muda. Mtu akivuta bangi, THC inapita kwenye mapafu inaingia kwenye damu na ubongoni ndani ya dakika chache, anajua mapema kama imetosha. Akiila au akiinywa safari ni nyingine, inapita tumboni, utumbo mdogo, halafu lazima ipite kwenye ini kabla haijafika popote, na ini likiivunja linatengeneza kitu kinaitwa 11-haidroksi-THC ambacho nacho kinalevya, kinaingia ubongoni vizuri sana na kwa njia ya kula kinakuwa kingi kuliko kwa njia ya kuvuta. Ndo maana watu wazoefu wa kuvuta miaka mingi wanakula gami moja wanashangaa imewaangusha. Gami, keki, biskuti, chokleti, zote zinaanza kufanya kazi kati ya nusu saa na masaa mawili, zinafika kileleni masaa 2 mpaka 4, na zinakaa masaa 6 mpaka 8, wengine mpaka 12 bado kichwa kizito. Halafu THC inapenda mafuta, kwa hiyo ukiila juu ya pilau au chapati za mafuta mwili unafyonza nyingi zaidi na pia inaweza kuchelewa zaidi kuanza, yaani gami ile ile moja, pakiti ile ile, mtu yule yule, Jumatatu na tumbo tupu na Jumapili baada ya msosi mzito sio kitu kimoja.

Hapo katikati, kati ya kumeza na kuanza kusikia, ndipo watu wanaharibikiwa. Mtu anakaa dakika arobaini hasikii kitu, anasema hizi feki, anaongeza. Kuna kisa kilichoandikwa na kitengo cha afya cha Marekani, CDC, mwaka 2015, na mimi nakirudia kila ninapopata nafasi kwa sababu kinatugusa. Machi 2014 kijana wa miaka 19, mwanafunzi kutoka Kongo aliyekuwa anasoma Wyoming, alikwenda Denver na wenzake, miezi michache tu baada ya Colorado kuruhusu maduka ya bangi. Rafiki yake mwenye umri wa kununua akanunua biskuti. Muuzaji aliwaambia waigawanye vipande sita, kila kipande kina kama miligramu 10 za THC, biskuti nzima ilikuwa na 65. Kijana akala kipande kimoja kama alivyoelekezwa, akasubiri nusu saa mpaka saa nzima, hakusikia chochote, akala yote iliyobaki. Katika masaa mawili yaliyofuata akaanza kuongea vitu visivyoeleweka na kuwa mkali, na masaa matatu na nusu toka kipande cha kwanza akaruka kutoka ghorofa ya nne, akafa kwa majeraha. Hawakukuta kilevi kingine kilichochangia. Alifuata maelekezo ya kipande cha kwanza vizuri tu, kitu ambacho hakuna aliyemwambia kikaeleweka ni kwamba kile kipande kilikuwa bado njiani. Baada ya hapo Colorado kuanzia Februari 2015 ikalazimisha kila miligramu 10 zitenganishwe wazi kwenye bidhaa, lakini sheria haiwezi kukusubirisha wewe. Na utafiti wa hospitali moja kubwa huko huko Colorado ulikuta vya kula vilikuwa chini ya asilimia moja ya THC yote iliyouzwa ila karibu mgonjwa mmoja katika kumi waliofika emajensi kwa sababu ya bangi alikuwa kala, sio kavuta.

Soda za makopo ziko tofauti kidogo na hapa nataka uelewe vizuri maana ndo zimejaa Minnesota. THC ni mafuta na mafuta hayakai kwenye maji, kwa hiyo watengenezaji wanaivunja iwe matone madogo mno ambayo yanachanganyika na maji, na matone hayo yanafyonzwa haraka, mtu anaweza kuanza kusikia ndani ya dakika 15 mpaka 30. Hiyo ina uzuri wake, mtu hasubiri sana akaongeza kwa kukosa subira. Ila sio kila kinywaji kimetengenezwa vizuri hivyo, na kuanza haraka hakumaanishi inaisha haraka, mkia wake bado ni masaa kadhaa. Na shida kubwa ya kopo ni kwamba ni kopo. Lina baridi, lina ladha ya limao au tikiti, mkono umezoea kulimaliza, na mtu mwenye kiu haanzi kupima nusu.

Kwa hiyo lebo. Chukua lile kopo kwenye friji uligeuze, achana na maua ya mbele, tafuta miligramu za THC, na uangalie imeandikwa kwa huduma moja, yaani kipimo cha kutumia mara moja, au kwa kopo zima. Minnesota toka Julai 2022 iliruhusu bidhaa za hemp, yaani mmea wa bangi wenye THC kidogo, zenye miligramu 5 kwa huduma moja, lakini kopo linaweza kubeba huduma mbili, yaani unaweza kuona "5" kubwa halafu kopo zima ni 10. Pakiti ya gami inaweza kufika miligramu 50. Halafu kuna kile kiandiko cha "chini ya asilimia 0.3 THC" ambacho watu wananionyesha kama ushahidi kwamba haina nguvu. Dada, kile ni kipimo cha sheria ya kilimo ya 2018, kiliwekwa kwa ajili ya mmea shambani, hakikuambii chochote kuhusu kulewa. Piga hesabu mwenyewe: kopo la kawaida lina uzito wa kama gramu 355, asilimia 0.3 yake ni zaidi ya gramu nzima, yaani miligramu 1,000 na zaidi, wakati mtu asiyezoea miligramu 10 tu zinamtosha kuona dunia inazunguka. Hata gami ya gramu 4 kwa hesabu hiyo inaweza kubeba miligramu 12 na bado ikaitwa hemp halali. Angalia miligramu, asilimia achana nayo. Na zile za vituo vya mafuta zilizoandikwa delta-8 (aina nyingine ya THC) au majina mengine ya herufi na namba, zinatengenezwa kwa kemikali kiwandani, mara nyingi hujui zimepimwa wapi wala na nani, hizo usinunue kabisa hata kama bei ni nusu. Ujue pia Novemba 2025 serikali kuu ya Marekani ilipitisha sheria ya kubana hizi bidhaa mpaka miligramu 0.4 kwa kopo au pakiti nzima, na utekelezaji wake ulipangwa mwaka mmoja baada ya hapo, kwa hiyo unachokikuta dukani leo sio lazima uendelee kukikuta.

Watu wanauliza dozi salama ni ngapi. Taasisi ya utafiti wa madawa ya kulevya ya Marekani mwaka 2021 iliweka miligramu 5 za THC kuwa kipimo kimoja, lakini walifanya hivyo ili watafiti waweze kulinganisha tafiti zao, hawakusema 5 ni salama kwa kila mtu. Mtu mzima mwenye afya ambaye hajawahi na ameamua kujaribu, yuko mahali halali, hana dawa za kugongana, haendeshi, yuko nyumbani na mtu mwenye akili zake, mimi namwambia miligramu 1 mpaka 2.5, basi, na hakuna kuongeza siku hiyo hiyo hata asiposikia kitu. Asijaribu kukisia kwa kung'ata gami kona. Na asichanganye na pombe, maana pombe inapandisha THC kwenye damu na viwili hivyo vikikutana kutapika na kuanguka ni jambo la kawaida kabisa.

Haya, mama. Jibu langu kwa mama yako kwa dawa anazotumia sasa hivi ni hapana, na nitakwambia kwa nini ili usione nakukatalia tu. THC inapandisha mapigo ya moyo halafu mtu akisimama inaweza kushusha presha ghafla. Amlodipini na losatani kazi yake ni kushusha presha. Amitriptilini nayo inaleta usingizi, inakausha mdomo, inapeleka moyo mbio na inashusha presha mtu akisimama, yaani karibu kila kitu kinachofanywa na THC amitriptilini tayari inakifanya, unaweka mzigo juu ya mzigo. Sasa picha ni hii: saa nane usiku, mama kaamka kwenda chooni, nyumba ya ngazi, taa imezimwa, magoti mabovu, kichwa chepesi. Mimi siogopi THC imuue mama, naogopa avunjike nyonga, na nyonga ikivunjika umri huo maisha yanabadilika. Ontario kule Kanada baada ya vya kula kuruhusiwa mwishoni mwa 2019 wazee walioenda emajensi kwa sumu ya bangi waliongezeka sana kuliko kabla, na Kanada pakiti nzima mwisho ni miligramu 10, sasa linganisha na 50 zinazoweza kuwa kwenye pakiti moja ya friji yako.

CBD je, kile kitu kingine kinachotoka kwenye mmea wa bangi, maana najua swali linalofuata ni hilo. CBD hailevyi lakini kwa dozi kubwa inazuia vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa nyingi, amitriptilini ikiwemo. Na hata kwa THC yenyewe ini ndo uwanja: mtu anayetumia ketokonazoli ya fangasi THC inapanda kwenye damu, mtu wa rifampisini ya TB inashuka, na mtu wa wafarini damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi mpaka atoke damu. Kwa hiyo yeyote mwenye dawa za kila siku aanze na mfamasia wake, ni bure kuuliza, hatuiti polisi.

Na swali ambalo hukuuliza ila ni la muhimu kuliko yote, je inasaidia? Kwa magoti yaliyochakaa ushahidi ni hafifu sana. Vienna, Austria walifanya utafiti uliochapishwa 2023, wagonjwa wa magoti wakapewa CBD miligramu 600 kwa siku kwa wiki 8 juu ya parasetamoli, na hawakupata nafuu zaidi ya waliopewa kidonge kitupu. Miligramu 600 kwa siku dada, hizo gami zinazouzwa kwa ajili ya viungo zina 10, 25. Kwa usingizi, THC inaweza kumlaza mtu haraka siku za mwanzo, halafu mwili unazoea anahitaji zaidi, na akiacha usingizi unavurugika kuliko mwanzo, anaota ndoto nzito nzito. Kuna maumivu ambayo bangi imeonyesha kusaidia kiasi, ya mishipa ya fahamu kwa mfano, na sipendi kudanganya watu kuwa haina kazi yoyote, lakini magoti ya mama sio mahali pake pa kwanza.

Badala yake, kwanza pima sukari ya mama. Ganzi miguuni kwa mtu wa miaka 66 lazima mtu ajue sukari ikoje, na vitamini B12 pia. Pili angalia vifundo vya miguu jioni, kama vimevimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo inaweza kuwa ni amlodipini, hiyo dawa inajulikana kwa kuvimbisha miguu, na miguu mizito inaongeza maumivu ya kutembea, daktari anaweza kubadilisha. Tatu hiyo amitriptilini yenyewe kwa umri wake ni dawa ambayo madaktari wa wazee wanaikwepa wakiweza, kwa sababu ya kuanguka na kusahau sahau, iangaliwe upya, ila msimwachishe ghafla wenyewe. Kwa magoti, kuna jeli ya diklofenaki ya kupaka, toka 2020 hapo Marekani inauzwa bila cheti, inafanya kazi vizuri kwenye goti na kidogo sana ndo inaingia kwenye damu. Vidonge vya aina hiyo pamoja na ibuprofeni usimpe bila daktari, maana vikikutana na losatani figo zinaumia na presha inapanda. Mazoezi ya mapaja, kukaa kwenye kiti na kunyoosha mguu, kushikilia, kushusha taratibu, kila siku, hiyo kwa muda mrefu ina ushahidi kuliko hizo gami zote. Na usingizi, muulize chai ya mwisho anakunywa saa ngapi na analala mchana na mtoto masaa mangapi, maana bibi aliyekuja kulea mjukuu analala mtoto anapolala, halafu usiku macho makavu.

Akishapimwa na daktari, na dawa zikapangwa upya, na yeye mwenyewe akielezwa akakubali, hapo ndo mjadala wa dozi ndogo unaweza kufunguliwa, na Minnesota kuna mpango wa bangi ya matibabu wenye wafamasia wake. Sio kabla.

Wewe unayenyonyesha, hapana pia, na sababu sio uoga. Waini ikishuka kwenye damu inashuka na kwenye maziwa, ukisubiri masaa mawili na zaidi kwa glasi moja imeondoka. THC inajificha kwenye mafuta ya mwili na maziwa yana mafuta, watafiti wameikuta kwenye maziwa mpaka siku 6 baada ya mama kutumia. Kukamua na kumwaga hakusaidii, utamwaga wiki nzima. Madaktari wa watoto na wa uzazi wa Marekani wote wanasema usitumie ukiwa mjamzito au unanyonyesha, na mimi nakubaliana nao kabisa, ubongo wa mtoto wa miezi mitano unajengwa sasa hivi. Kama wikendi ni nzito, na kwa mama wa watoto wawili ni nzito, niandikie tuzungumze hilo lenyewe. Mama aliyechoka mpaka anatafuta kitu cha kumzimisha wakati mwingine ana sonona ya uzazi na hajui, na ile ina tiba.

Shemeji nitamjibu kwa ufupi maana kwake hakuna mjadala. Leseni ya CDL, ile ya madereva wa malori, iko chini ya serikali kuu, na vipimo vya mkojo vya DOT, wizara ya usafiri, havijali kama Minnesota imeruhusu wala kama kopo limeandikwa hemp. Wanatafuta mabaki ya THC, yanakaa siku kadhaa kwa aliyetumia mara moja, na wiki kadhaa kwa mtumiaji wa kila siku. Na wamesema wazi toka 2020 kwamba "nilitumia CBD tu" haikubaliki kama utetezi, na kuna makopo ya CBD yenye THC ambayo haijaandikwa. Akifeli jina linaingia kwenye kanzidata ya madereva ya taifa na kila kampuni inaliona. Asiguse. Na kwa wengine wote mnaoendesha gari la kawaida, ukiwa umekula hizi usishike usukani mpaka kesho yake, usingojee "najisikia poa", kwa sababu akili iliyolewa ndo unayoitumia kujipima.

Mtoto wa miaka minne na hiyo friji, naomba ukisoma hapa usimame ukazitoe. Mwaka 2017 vituo vya sumu vya Marekani vilipokea visa 207 vya watoto chini ya miaka 6 waliokula bidhaa hizi, mwaka 2021 visa vikawa 3,054, na wengi walizikuta nyumbani kwao. Mtoto hajui gami ya bangi na gami ya vitamini, zina rangi moja na sukari ile ile juu. Pakiti ya miligramu 50 kwa mtoto wa kilo 16 ni zaidi ya miligramu 3 kwa kila kilo, ni sawa na mtu mzima wa kilo 70 kumeza zaidi ya 200 kwa mpigo. Akila anaweza kuanza kuyumba kama mlevi, kutapika, macho mekundu, halafu usingizi mzito usioamshika, na wengine pumzi inapungua mpaka wanawekewa mashine. Piga 1-800-222-1222, ni kituo cha sumu, bure, masaa 24, na wana wakalimani, na kama haamki au hapumui vizuri piga 911 moja kwa moja. Na ukifika hospitali sema ukweli mlangoni. Wazazi wanaogopa ustawi wa jamii wanakaa kimya, daktari anaona mtoto kazimia bila sababu anawaza homa ya uti wa mgongo, mtoto anachomwa sindano ya mgongo na kupigwa mionzi bure, wakati sentensi moja tu ingemwokoa na hayo.

Kwa mtu mzima aliyezidiwa, hakuna dawa ya kuiondoa. Maziwa hayaondoi, kahawa inazidisha moyo kwenda mbio, kumtapisha hakusaidii na anaweza kupaliwa. Mkalishe au mlaze kwa ubavu, punguza taa na kelele, maji kidogo kidogo, mtu mmoja akae naye anamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba itapita, na asiachwe peke yake karibu na dirisha, balkoni wala funguo za gari. Maumivu ya kifua, kuzimia, degedege, kuona vitu visivyopo au kutaka kujidhuru, 911, msisubiri.

Mwisho kuna mambo ya makaratasi ambayo wenzako kazini waliozaliwa hapo hawayafikirii kwa sababu hayawahusu. Kwa uhamiaji bangi bado inaangaliwa kwa sheria ya serikali kuu, na Aprili 2019 USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, waliandika wazi kwamba kujihusisha na bangi, hata kwenye jimbo lililoruhusu, kunaweza kumzuia mtu kupata uraia. Mama yuko kwa viza ya matembezi, wewe sijui uko hatua gani, kama una ombi lolote ongea na wakili kwanza na usipige picha na makopo ukaweka mtandaoni. Na siku mama anarudi, fungua begi lake mwenyewe uangalie kila mfuko. Gami moja iliyosahaulika kwenye pochi ikakutwa Doha, Dubai au KIA (uwanja wa Kilimanjaro), hakuna atakayesikiliza habari za Minnesota, Tanzania bangi ni kosa iwe majani, iwe keki, iwe pipi.

Zile zilizoko kwenye friji kama risiti unayo jaribu kuzirudisha, wakikataa mwaga makopo kwenye sinki, gami zitoe kwenye pakiti uzichanganye na majani ya chai yaliyotumika, funga kwenye mfuko, tupa kwenye pipa la nje, usitupe kwenye pipa la jikoni ambalo mtoto anafikia. Halafu nitumie picha za lebo za dawa zote za mama, pande zote mbili pamoja na miligramu, na kama kuna dawa za asili alizobeba kutoka Moshi zipige picha pia, nitakuandikia kitu cha kumpa daktari siku mkienda kupima sukari.